Maslaha ya Nani? Sheria, Shule na Watoto Wetu

Hii ni hotuba iliyotolewa kwa wazazi, maustadh wa madrasa, walimu na wanakamati wa shule. Wengi waliokosa kufika waliomba tuiandike, kwa hivyo tumeiweka hapa vile ilivyosemwa.

Wazee wangu, kina mama, maustadh wetu, walimu, na nyinyi vijana wenzangu mlioko pale nyuma mmeegemea ukuta, karibuni. Najua leo ni siku ya mapumziko na kila mtu ana shughuli zake. Kuna mama hapa ameacha biashara yake ya mahamri kwa mwanawe aje asikilize. Mungu awalipe. Sitawapotezea wakati.

Niliambiwa nije nizungumze kuhusu sheria zinazolinda watoto shuleni. Lakini kabla ya sheria naomba nianze na jambo langu mwenyewe, manake nikianza na sheria mtaniona mimi ni mtu msafi nimekuja kuwafundisha, na si hivyo.

Miaka sita iliyopita nilikuwa nimetoka chuo juzi tu, nina diploma yangu ya maendeleo ya jamii, natafuta kazi. Jioni moja nikaitwa kwenye nyumba ya mzee mmoja. Nikakuta wazee watano wameketi, baba mmoja amejiinamia, na upande wa pili kijana mwalimu wa tuisheni na ami zake wawili. Kulikuwa na tatizo la msichana wa miaka kumi na tatu. Sitasema zaidi, na mambo madogo madogo nimeyabadilisha ili mtoto asijulikane. Wazee wakaniambia, "Wewe kijana umesoma na una mwandiko mzuri. Andika." Nikaandika. Nikaandika kwamba familia zimekubaliana, kwamba kijana atalipa elfu thelathini za matibabu na usumbufu, kwamba ataacha kufundisha mtaa ule, na kwamba hakuna atakayekwenda polisi. Wakatia sahihi. Wazee wakaomba dua. Nikapewa shilingi mia tano ya nauli.

Yule mtoto hakuwa chumbani. Alikuwa jikoni na mamake. Hakuna aliyemuuliza neno, hata mimi.

Mwaka haukuisha, nikasikia yule kijana anafundisha mtaa mwengine, ng'ambo ya pili. Kisha nikasikia lililotokea huko. Wazee walisema tulifanya maslaha. Mimi tangu siku hiyo najiuliza: maslaha ya nani?

Ndio sababu nasimama hapa. Sasa twende kwenye sheria, na nitajaribu kusema kwa lugha ya nyumbani.

Sheria ipo

Watu wengi wanadhani Kenya haina sheria ya mambo haya, au sheria ni ya wazungu. Hapana. Sheria tunazo, na nyengine ni kali kupita mnavyofikiri.

Ya kwanza ni Katiba yenyewe, ya 2010. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya kulindwa asidhulumiwe, asitelekezwe, asifanyiwe mila zenye madhara, wala ukatili wa aina yoyote, wala adhabu isiyo ya kibinadamu. Na kinamalizia kwa kusema kwamba katika kila jambo linalomhusu mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia. Hebu lisikieni hilo neno: maslahi ya mtoto. Heshima ya ukoo haikutajwa pale. Jina la shule halikutajwa. Sifa ya madrasa haikutajwa.

Ya pili ni Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006. Hii ililetwa bungeni na Njoki Ndung'u alipokuwa mbunge wa kuteuliwa, na leo ni jaji wa Mahakama ya Juu. Kabla yake adhabu zilikuwa zimetawanyika na mahakimu walikuwa na nafasi kubwa ya kumwachilia mtu kwa kifungo kidogo. Sheria hii ikaweka viwango. Anayemnajisi mtoto wa miaka kumi na moja kushuka chini, kifungo cha maisha. Mtoto wa miaka kumi na mbili hadi kumi na tano, kifungo kisichopungua miaka 20. Wa miaka kumi na sita hadi kumi na minane, kisichopungua miaka 15. Na mtoto hapa ni wa kike au wa kiume. Nasema hivyo kwa sababu watoto wetu wa kiume tumewasahau. Tunamchunga binti, na kijana tunamwacha alale popote, tukisema huyu ni mwanamume hawezi kuharibiwa. Anaweza. Na akiharibiwa ananyamaza kuliko dada yake, kwa sababu anaogopa kuchekwa.

Mtoto wa kwenye ile karatasi yangu alikuwa na miaka kumi na tatu. Fanyeni hesabu wenyewe. Miaka 20 ya sheria sisi tuliiuza kwa elfu thelathini.

Ndani ya sheria hiyo hiyo kuna kifungu cha 24, na hiki nataka walimu na maustadh wakisikilize kwa makini. Kinawahusu watu walio katika nafasi ya mamlaka na uaminifu. Kinasema mwalimu mkuu, mwalimu au mfanyikazi yeyote wa shule ya msingi, ya upili au taasisi maalum ya masomo, iwe rasmi au isiyo rasmi, akitumia cheo chake kumshawishi mwanafunzi, anafungwa si chini ya miaka kumi. Na hiyo ni pale ambapo kosa halijafika kiwango cha unajisi au ubakaji. Likifika, linahukumiwa kwa kifungo chake.

Angalieni maneno mawili. La kwanza, "mfanyikazi". Maana yake si mwalimu peke yake. Ni soja wa geti, ni mpishi, ni dereva wa basi la shule, ni yule wa duka la ndani ya shule anayewapa watoto peremende. La pili, "isiyo rasmi". Kwa hivyo asitokee mtu akatwambia madrasa haimo kwa kuwa haijasajiliwa na wizara. Tusijifiche nyuma ya kutosajiliwa.

Ya tatu ni Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Kifungu cha 36 kinakataza mwanafunzi kupewa adhabu ya kumuumiza mwili au kumtesa akili. Atakayefanya hivyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au yote mawili. Viboko shuleni vilikuwa vimeshapigwa marufuku tangu 2001. Wengine wenu mnatikisa kichwa. Najua. Tutalirudia hilo.

Ya nne ni sheria ya TSC ya 2012, na miongozo iliyo chini yake. Mtu haruhusiwi kufundisha shule bila kusajiliwa na TSC. Na TSC inaweza kumfuta mwalimu kwenye sajili akipatikana na kosa la kingono kwa mwanafunzi. Tena kuna Waraka nambari 3 wa 2010, unaosema mwalimu anayejua au anayeshuku kwamba mwanafunzi anadhulumiwa kingono lazima atoe ripoti ndani ya saa 24. Akinyamaza, kunyamaza kwenyewe ni kosa la nidhamu. Kwa hivyo mwalimu anayesema "mimi niliona lakini sikutaka kuingilia ya mwenzangu" ameshaingia.

Na ya tano ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001. Hii imepanua maana ya kumdhulumu mtoto. Imeingiza dhuluma za kisaikolojia, na imeingiza hata yanayofanyika mtandaoni. Yule mwalimu anayemtumia mwanafunzi ujumbe wa WhatsApp saa tano usiku, asidhani simu ni pango la kujificha.

Karatasi haifuti kesi

Sasa turudi kwenye maslaha, manake hapa ndipo tunapoanguka.

Sheria ya 2006, kifungu cha 40, inasema uamuzi wa kusimamisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la kingono hauko kwa polisi wa kituo. Uliwekwa kwa Mwanasheria Mkuu, na chini ya Katiba ya sasa kazi ya mashtaka ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Maana yake nini? Baba hana uwezo wa kuondoa kesi. Mama hana. Chifu hana. Mzee wa mtaa hana. Mimi na mwandiko wangu mzuri sina. Kesi ni ya Jamhuri.

Tena kuna Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 118. Mtu anayechukua pesa au manufaa kwa makubaliano ya kuficha kosa kubwa la jinai, yeye mwenyewe ametenda kosa. Nilipokisoma kifungu hicho mara ya kwanza nilitoka jasho. Nilikumbuka ile mia tano ya nauli.

Wengine watasema, "Basi tulipeleke kwa Kadhi." Wazee wangu, Kadhi tunamheshimu, lakini Katiba kifungu cha 170 imempa mambo manne: hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, tena pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali. Jinai haimo. Ukimpelekea Kadhi kesi ya unajisi atakwambia uende polisi, na atakuwa sawa.

Na wapo wanaosema, "Tumsitiri Muislamu mwenzetu." Kusitiri ni jambo zuri sana. Lakini mimi nawauliza maustadh, na wao wanajua kuliko mimi: unamsitiri mtu kwa aibu yake iliyomhusu yeye na Mola wake, au unamsitiri mtu huku anakwenda kumdhulumu mwengine kesho? Mtu akiiba kiatu msikitini hatumsitiri, tunampigia kelele hadi barabarani. Akimharibu mtoto, tunafunga mlango na kuzungumza kwa sauti ya chini. Kiatu kimekuwa na thamani kuliko mtoto?

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi maradhi tunayaficha, na kifo kinawakuta watoto wa mtaa wa pili.

Mahakama zimeshasema

Msidhani haya ni maneno ya vitabu tu. Nitawapa mifano miwili.

Mwaka 2013, Mahakama Kuu ya Meru iliamua kesi iliyoletwa kwa niaba ya wasichana waliokuwa wamenajisiwa na polisi hawakuchunguza sawasawa. Jaji alisema uzembe ule wa polisi ulivunja haki za watoto wale za kikatiba, na akaamuru uchunguzi ufanywe. Kwa hivyo ukiambiwa kituoni "mama, nenda mkasikizane nyumbani", jua kwamba mahakama imeshasema hilo si jibu.

Mwaka 2015, Mahakama Kuu ya Nairobi, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kesi ya wasichana wawili wa shule ya msingi kaunti ya Nakuru waliodhulumiwa na naibu wa mwalimu mkuu. Kwenye kesi ya jinai mwalimu yule alikuwa ameachiliwa. Watu wengi hapo wangesema yamekwisha. Lakini wasichana wale walikwenda kudai haki zao za kikatiba, na jaji akasema kuachiliwa kwenye jinai hakuzuii dai hili, kwa kuwa kipimo cha ushahidi si kimoja. Akawapa fidia, mmoja shilingi milioni mbili na mwengine milioni tatu. Na hakumwachia mwalimu peke yake ule mzigo. TSC na Serikali nao waliwajibishwa. Jaji alilaumu tabia ya kumhamisha mwalimu mwenye tuhuma kutoka shule moja hadi nyengine, kana kwamba shule ya pili haina watoto.

Wanakamati, mmesikia? Mwajiri anawajibika. Ukimwajiri mtu na hukuuliza alitoka wapi na kwa nini, siku moja swali hilo utaulizwa wewe, kortini, na wakili atakayekuwa hana haraka.

Tundu liko wapi

Sasa niseme ukweli. Sheria zetu ni kali baada ya kosa. Kabla ya kosa, ziko na matundu.

Tundu la kwanza ni kuhama. TSC ikimfuta mwalimu, jina lake linatangazwa, na shule za serikali haziwezi kumchukua. Lakini yule anayeondoka kabla hajashtakiwa, anayeambiwa "jiuzulu polepole tusitie aibu shule", huyo hana alama yoyote. Anakwenda shule ndogo ya kibinafsi, au tuisheni, au madrasa, na anapokewa kwa mikono miwili kwa sababu anakubali mshahara mdogo. Si sisi tu. Marekani walikuwa na tatizo hili hili, na jimbo la Pennsylvania likapitisha sheria mwaka 2014 inayomlazimisha mtu anayeomba kazi karibu na watoto ataje waajiri wake wa zamani, na waajiri wale wajibu kwa maandishi kama aliwahi kuchunguzwa au kuondoka akiwa na tuhuma. Sisi tunaweza kudai kitu kama hicho. Hakihitaji pesa nyingi. Kinahitaji simu na ujasiri.

Tundu la pili ni sajili. Sheria ya 2006 ilisema kuwe na sajili ya waliohukumiwa kwa makosa ya kingono, itunzwe na Msajili wa Mahakama Kuu. Nawauliza wanakamati wote hapa: nani amewahi kuuliza kama jina la anayemwajiri limo? Mkono mmoja? Hakuna. Basi.

Tundu la tatu ni watu wasio walimu. TSC inawajua walimu wake. Haimjui soja, haimjui mpishi, haimjui dereva. Hao wanaajiriwa na bodi ya shule, mara nyingi kwa kuwa ni binamu ya mtu. Na kwenye madrasa zetu, ustadh naye anatoka kokote, tunamkubali kwa sauti yake nzuri ya kusoma. Sauti nzuri si cheti. Sheria ya Elimu ya Msingi yenyewe inazitaja madrasa na duksi, kwamba ziunganishwe na elimu rasmi. Tukitaka kuunganishwa kwenye pesa na vitabu, tukubali kuunganishwa kwenye ulinzi wa watoto pia.

Kuhusu viboko

Nilisema nitarudi. Najua hapa nitapoteza marafiki.

Zamani mzazi akimpeleka mtoto chuoni alimwambia maalim, "Nyama ni yako, mifupa ni yangu." Maana yake mpige utakavyo, bora usimvunje. Na tunapenda kusema samaki mkunje angali mbichi. Mimi mwenyewe nilipigwa, na nimesimama hapa. Lakini nakumbuka vizuri: ustadh aliyetufanya tupende kusoma hakuwa yule wa bakora. Na kuna jambo jengine. Mtoto aliyezoea kwamba mwili wake ni mali ya mwalimu, kwamba mkubwa akimshika asiseme kitu, akienda nyumbani kulalamika anaongezwa, mtoto huyo umemwandalia mtu mbaya kazi yake. Siku atakapoguswa vibaya, atanyamaza vile vile alivyofundishwa kunyamaza. Viboko na dhuluma nyengine ni milango miwili ya nyumba moja.

Samaki kumkunja si kumponda.

Na walimu wasiokuwa na hatia?

Mwalimu mmoja aliniuliza pale nje, "Na mtoto akinisingizia je?" Ni swali la haki, na silikimbii. Katiba kifungu cha 50 inasema kila mtu anahesabiwa hana hatia hadi ithibitishwe. Kusimamishwa kando wakati wa uchunguzi si kuhukumiwa. Hatutaki kundi la vijana waende kumchomea mtu nyumba kwa sababu ya uvumi. Hiyo nayo ni jinai, na pia inaharibu ushahidi.

Lakini jueni kwamba Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kesi ya kingono kwa neno la mtoto peke yake, kama hakimu ameridhika kwamba mtoto anasema kweli na ameandika sababu zake. Kwa hivyo usimwambie mtoto "huna shahidi". Shahidi ni yeye.

Na mwalimu anayetaka kujilinda, kinga yake ni ile ile inayomlinda mtoto: mlango wazi. Mwalimu mwema hapotezi kitu kwa mlango kuwa wazi.

Likitokea, fanya hivi

Kina mama, hili lishikeni.

Mtoto akikwambia, mwamini kwanza. Usipige kelele, usimuulize "kwa nini hukukataa". Mwambie umefanya vizuri kuniambia.

Usimuoshe. Najua mkono wa mama unakimbilia maji. Uzuie. Nguo zile usizifue, zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki.

Nenda hospitali ya serikali haraka, kabla ya saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya HIV zinafanya kazi ndani ya muda huo tu. Mombasa, hospitali ya Coast General ina kituo maalum cha mambo haya. Daktari ajaze fomu ya huduma baada ya ubakaji, na baadaye ile ya P3. Hata kama saa 72 zimepita, nenda tu.

Kisha polisi. Usiondoke bila nambari ya OB. Iandike mahali pawili. Ukizungushwa, uliza mkuu wa kituo, uliza dawati la jinsia, nenda kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Kama ni mwalimu, ripoti pia ofisi ya TSC ya kaunti.

Simu za bure ni 116 ya watoto na 1195 ya dhuluma za kijinsia. Hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116. Mwandikieni nyuma ya daftari lake.

Na mkiitwa kwenye kikao cha usiku cha kuandika karatasi, msiende. Ukienda, nenda ukaseme hapana.

Tunaomba nini

Kwa kamati zetu hapa, hatuhitaji kungoja Nairobi. Kuanzia muhula ujao tunaomba kila shule na kila madrasa ikubali mambo haya kwa maandishi, yabandikwe ukutani:

Kila anayeajiriwa, awe ustadh, mwalimu, soja au mpishi, alete cheti cha tabia njema cha DCI. Ni shilingi 1,050. Kama hana, kamati imkopeshe. Na kwa kuwa cheti hakionyeshi kila kitu, kamati ipige simu kwa sehemu mbili alizofanya kazi na iulize swali moja: mungemchukua tena?

Hakuna mtoto kubaki peke yake na mtu mzima nyuma ya mlango uliofungwa. Hakuna kumtuma mwanafunzi nyumbani kwa mwalimu kupeleka madaftari wala kufua. Hakuna tuisheni ya mtoto mmoja chumbani.

Hakuna mwalimu kumwandikia mwanafunzi ujumbe kisirisiri. Kama kuna jambo, aandike kwenye kundi la wazazi.

Watu wawili wa kupokea malalamiko, mwanamke na mwanamume, watoto wawajue kwa majina. Na daftari la kuandika kila lalamiko, lenye kurasa zilizopigwa nambari ili hakuna atakayechana.

Na asiondolewe mtu kimya kimya. Akiondoka kwa tuhuma, ripoti iende mbele yake.

Kwa wabunge na serikali ya kaunti, tunaomba sheria iseme wazi kwamba mwajiri yeyote wa watu wanaofanya kazi na watoto, wa kulipwa au wa kujitolea, lazima aulize waajiri wa zamani, na wale lazima wajibu. Na sajili ya waliohukumiwa iwe kitu ambacho kamati ya shule ya kijijini inaweza kukiangalia bila kusafiri hadi jiji kuu.

Neno la mwisho

Wazee wangu, nilimtafuta yule msichana. Ilinichukua muda kupata ujasiri. Sasa ni mkubwa. Nilimwambia kwamba mimi ndiye niliyeandika ile karatasi, na kwamba naomba msamaha. Alinyamaza sana. Kisha akaniuliza, "Mbona hamkuniita?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo. Nilimuuliza kama anataka tufungue kesi upya, akasema atafikiria, na nikamwambia akiamua, mimi nitakuwa shahidi, hata kama kifungu cha 118 kitanigeukia. Hilo ni deni langu, na nimelisema mbele yenu ili msiniache nilikimbie.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Siku jambo kama hili litakapokuja mlangoni kwako, kabla hujaangalia uso wa ami wa mshtakiwa, kabla hujafikiria jina la shule, muite mtoto. Muulize. Msikilize. Halafu chukua simu.

Wabillahi tawfiq. Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh.